Kijana wako ni mchezaji? Anza na saa tisa alasiri

Mzazi akinijia kulalamika kwamba mwanawe amelegea uwanjani, simuulizi kocha ni nani wala viatu amenunua wapi. Namuuliza, "Jana saa tisa alikula nini?" Wengi hunyamaza. Baba mmoja wa Mtopanga alinijibu, "Saa tisa si yuko shule, dada yangu, nitajuaje mimi?" Basi hapo ndipo tunapoanzia.

Mimi ni mpishi wa Kisauni. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, jioni niko kiwanjani na ndoo zangu mbili. Mwaka wa tisa huu nalisha timu ya mtaa, wavulana kwa wasichana, wa miaka 12 hadi 17. Sina cheti cha lishe. Nina sufuria tatu, mizani ya kupimia uzito niliyonunua mtumba pale Kongowea, na watoto wangu wawili: mvulana wa miaka 16 anayecheza kiungo na msichana wa miaka 14 anayekimbia mita 800. Mengi ya haya nimeyasoma usiku mbaazi zikichemka, nikawajaribia wao kwanza. Mengine nimeyajua kwa kukosea.

Shimo la mchana

Hebu hesabu siku ya mwanafunzi wa hapa. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na chai na hamri moja mkononi. Saa saba anakula shuleni, sahani ya wali na maharagwe, na kama foleni ni ndefu anapata ukoko. Vipindi vinaisha baada ya saa tisa. Saa kumi na nusu yuko kiwanjani. Anarudi maghribi, anaoga, anakwenda chuoni (madrasa) au anafungua madaftari, na chakula cha usiku kinaiva saa tatu. Kutoka saa saba hadi saa tatu ni saa nane kamili, na kazi ngumu kuliko zote za siku tumeipachika katikati yake.

Mtoto huyo huyo bado anarefuka. Chakula anachokula kinatakiwa kimtoshe kukua na kukimbia pia. Mtu mzima akikosa mlo mmoja atanuna tu. Kijana wa miaka 14 akikosa kila siku utamwona miguu inavuta mchanga dakika ya ishirini, na utadhani ni uvivu.

Kanuni ninayoitumia ni gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya uzito wake, saa moja na kitu kabla ya mazoezi. Kijana wa kilo 50 atahitaji gramu 50. Usihangaike na mizani ya jikoni: ndizi mbivu mbili za kiasi zimefika hapo. Kiazi kitamu kimoja cha kujaa kiganja pamoja na tende tatu pia kimefika. Muhogo wa kuchemsha, kipande cha urefu wa mkono kutoka kifundo hadi ncha ya kidole, hivyo hivyo. Mahamri mawili yanafaa kama hayakunywa mafuta mengi, na mbaazi zingoje usiku, maana zinajaza tumbo hewa.

Viazi karai, bhajia na mihogo ya kukaanga inayouzwa nje ya geti la shule si chakula cha saa hiyo. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Winga wetu mmoja alitapika bhajia zote kwenye kibendera cha kona, na aliyemuuzia ni mimi. Tangu siku hiyo, mtoto mwenye begi la mpira simuuzii kitu cha mafuta kabla ya mazoezi hata akinililia.

Kukifunga chakula hicho ni kazi ya usiku. Nachemsha viazi vitamu na maganda yake na chumvi kidogo, vikipoa nafunga kwa karatasi. Asubuhi vinaingia kwenye begi. Ndizi za kisukari naziweka kwenye kopo la siagi lililokwisha, kwa sababu ndizi isiyo na kopo huishia kwenye daftari la Hisabati, na mwalimu aliniita shuleni kwa jambo hilo. Mwanangu wa kiume alikuwa anaona haya kutoa kiazi mbele ya wenzake. Nikaongeza vya watu watatu. Sasa haya imekwisha, na ninalalamikiwa kwamba vichache.

Wale wa Iten wanakula nini?

Swali hili la Iten, mji wa wakimbiaji kule bara, naulizwa kila mara. Watu wanataka nitaje mzizi fulani wa siri. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya watafiti wa Denmark waliopima chakula cha wavulana wakimbiaji wa Kikalenjin, na waliyokuta ni mahindi na maharagwe, siku nenda siku rudi. Mwaka 2004 mtafiti Vincent Onywera na wenzake wakatoa hesabu ya wakimbiaji hodari wa Kikalenjin waliokomaa: asilimia 76.5 ya nguvu yao yote ilitoka kwenye wanga, zaidi ya gramu 10 kwa kila kilo ya mwili. Mafuta yalikuwa machache. Sima, wali, viazi, mkate, maharagwe, mboga, maziwa. Sukari peke yake ilikuwa kama sehemu ya tano ya chakula chote, na nyingi iliingia kwa chai.

Chai hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Wakimbiaji wale wakitoka mazoezini walikuwa wanakunywa chai ya maziwa yenye sukari papo hapo, kisha chakula. Misuli iliyotoka kazini hunyonya wanga haraka kuliko wakati wowote. Sisi huku watoto wanamaliza mazoezi, wanakaa ukutani kupiga soga hadi giza, wanapanda tuktuk, wanaoga, wanangoja wali uive. Chai tunayo sana Mombasa, tatizo tunaitia asubuhi na usiku tu.

Kwa hiyo ndoo yangu ya kwanza ni ya baada ya mazoezi, na natoa kabla hawajavua viatu. Kila mtoto anapata kikombe cha maziwa mala au chai ya maziwa, na kitu cha kutafuna: muhogo, mkate wa sinia uliobaki, au yai la kuchemsha na kachumbari siku pesa zikiwepo. Kiasi cha gramu 15 za protini zinamtosha kijana wa kilo 50 kwa wakati huo. Yai moja lina gramu kama 6, kikombe cha maziwa kama 8. Ukijumlisha umekaribia kufika bila kuingia dukani.

Nasema bila kuingia dukani kwa sababu kijana wetu mmoja wa miaka 17 alikusanya pesa za kibarua cha miezi miwili akanunua kopo la unga wa protini. Kopo lina picha ya mtu mwenye kifua kama mlango. Nikakaa naye nikamwonyesha dagaa: gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya gramu 50 za protini, na ukimla na miba yake unapata kalsiamu juu. Kwa pesa zile angekula dagaa wa nazi mpaka Idi ya pili. Kuna jingine pia. Unga kama huo huweza kuchanganyika na dawa zisizoruhusiwa bila hata kuandikwa kwenye kopo, na mwanariadha akipimwa, lililokutwa mwilini mwake ni lake.

Jamaika nao wana yao. Baba yake Usain Bolt aliwaambia waandishi mwaka 2008 kwamba siri ya mwanawe ni viazi vikuu vya Trelawny, jimbo alikozaliwa. Kiazi kikuu tunacho hata huku, mkikiona Kongowea nunueni, ni wanga mzuri sana. Lakini tusisahau kwamba Jamaika wana mashindano ya shule ya riadha tangu mwaka 1910, na uwanja wa taifa wa Kingston unajaa watu kuangalia watoto wa shule. Bolt alishinda mita 200 za dunia za vijana mwaka 2002 kwenye uwanja huo huo akiwa na miaka 15. Na Bolt huyo huyo amesimulia mwenyewe kwamba kule Beijing alikula vipande vya kuku wa kukaanga kutwa. Mtu akishakuwa Bolt atakula atakacho. Wewe mlishe wako kiazi.

Jasho la Mombasa

Mwaka 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa kwetu, kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa, mwezi wa tatu, joto likiwa limeshika koo. Nilikuwa msichana bado, nimebanwa kwenye kamba na watu hata mkono siinui. Kenenisa Bekele, ambaye hakuna aliyemweza kwenye mbio hizo kwa miaka, alisimama mzunguko wa mwisho akatoka. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua. Wakimbiaji wengi wazima walishindwa kumaliza. Upande wa vijana, Linet Masai na Asbel Kiprop wakaipatia Kenya dhahabu. Sijasahau sura ya Bekele. Kama hewa yetu ilimtoa yeye, mtoto wako wa darasa la nane anayekimbia saa kumi jioni mwezi wa Februari ni nani?

Shida ya pwani ni unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Ndiyo maana mtu wa bara akija hapa anashangaa amelowa chapachapa na bado anaungua.

Mizani yangu ya mtumba inafanya kazi hii. Mpime kijana kabla ya mazoezi, amevaa bukta tu, kisha mpime baada, amejifuta jasho. Kila kilo iliyopotea ni lita moja ya maji, na anatakiwa kurudisha lita moja hadi moja na nusu, kidogo kidogo mpaka kulala. Akipoteza zaidi ya asilimia mbili ya uzito wake, yaani zaidi ya kilo moja kwa mwenye kilo 50, hakunywa vya kutosha njiani. Mwanangu mwezi wa Machi alipoteza kilo moja na gramu mia tano kwa mazoezi ya saa moja na nusu. Nilidhani mizani imekufa nikampima tena. Usiku ule alikuwa na kichwa kinamgonga, na mimi miaka yote nilikuwa namwambia ni simu.

Mazoezi yakiwa chini ya saa moja, maji matupu yanatosha. Yakizidi, changanya hivi: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai 12 vya bapa, chumvi robo ya kijiko cha chai, ndimu mbili. Onja. Ikiwa ni chumvi kama machozi, umezidisha. Dafu ni zuri, nalipenda, ila lina chumvi kidogo kuliko jasho letu, basi tia chembe.

Bado wapo makocha wanaokataza maji kwamba yatawafanya watoto wazito. Japani nao walikuwa hivyo, kizazi kizima cha wanafunzi kilikatazwa kunywa maji mazoezini ili wawe wagumu, na wameacha. Kocha wako akikataza, ongea naye kwa heshima, pembeni, asiaibike. Akikataa tena, mhamishe mtoto.

Wasichana, na kikombe cha chai

Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka juzi binti yangu alikuwa anakimbia mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 38. Ndani ya miezi minne akashuka hadi 2:51. Analala hovyo, anatafuna barafu, ngazi za ghorofa ya pili anasimama katikati. Kocha aliyekuwa naye wakati huo akasema mtoto amepata marafiki wabaya, na mimi nikamwamini, Mungu anisamehe. Nilimchapa maneno wiki mbili. Halafu shangazi yake akamshika kope la chini akalivuta, akaniita, "Njoo uone, hapa pana damu kweli?" Palikuwa peupe kama ndani ya nazi.

Hospitali wakampima: damu 9.1. Msichana wa umri wake anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Alikuwa na minyoo, alikuwa ameanza kuona siku zake, na alikuwa anakunywa chai kwa kila mlo. Chai ya rangi na chai ya maziwa zote hufunga madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi, maharagwe na mboga, yakapita tumboni bila kunyonywa. Yaani kifungua kinywa changu mwenyewe, ninachouza kwa sifa mtaa mzima, ndicho kilichokuwa kinamwibia mwanangu.

Sikuacha kuuza. Lakini nyumbani chai imehamia saa moja baada ya chakula, na mbaazi zinakamuliwa ndimu. Ndimu, chungwa, embe na pilipili mboga husaidia chuma kuingia. Maini mara moja kwa wiki. Dagaa, pojo, kunde, mchicha kwa zamu. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za chuma kwa siku, mvulana 11, na huku kwetu penye malaria na minyoo akiba huisha upesi. Vidonge vya chuma usinunue kwa kubahatisha, apimwe kwanza. Wangu alimeza vya hospitali miezi mitatu, akarudi 2:37.

Uji wa wimbi nao msiudharau kwa kuwa ni chakula cha wazazi waliojifungua. Kijana anahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kila siku, zaidi ya anavyohitaji mama yake, na wimbi ina nyingi kuliko nafaka zetu nyingine zote.

Mama, na wewe baba unayelea peke yako, ulizeni hili bila haya: msichana aliyekuwa akiona siku zake kisha zikakatika miezi mitatu apelekwe hospitali. Wengi wanadhani ni dalili ya kufanya mazoezi sawasawa. Ni mwili umekosa chakula cha kutosha ukaanza kuzima taa chumba kimoja kimoja. Mary Cain wa Marekani alifika fainali ya dunia ya mita 1500 mwaka 2013 akiwa na miaka 17. Mwaka 2019 akajitokeza kusema alishinikizwa apungue uzito, akakaa miaka mitatu bila hedhi na mifupa mitano ikamvunjika. Msichana akiambiwa na mtu yeyote kwamba ni mnene kwa mbio, mtu huyo asile chakula changu.

Wavulana wa ndondi na taekwondo wana ugonjwa wao wa kukimbia wamevaa makoti ili wapungue kabla ya kupimwa uzito. Marekani mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache kwa kujikausha namna hiyo. Apigane uzito alio nao.

Ramadhani

Haya ni kwa wanaofunga. Lamine Yamal alicheza mechi za Barcelona ya wakubwa akiwa amefunga, mwaka 2025, akiwa na miaka 17. Watoto wetu wote wanamjua na wote wanataka kumwiga, ila yeye ana daktari kando ya uwanja.

Daku ndiyo mlo wenyewe. Kuleni mwisho wa wakati, karibu na adhana, na iwe na kitu kizito kinachokwenda taratibu: sima au wali na mbaazi, yai, uji wa wimbi, ndizi. Mtoto anayelala moja kwa moja kwa sababu alikula saa sita usiku atakuwa hana kitu ifikapo adhuhuri. Kufuturu, tende na maji kwanza, aswali, kisha chakula. Viazi karai na kaimati ziwepo, Ramadhani bila kaimati ni nini, lakini zije mwisho. Maji yagawe kati ya magharibi na daku, kikombe kwa kikombe. Akimeza lita mbili kwa mpigo saa kumi usiku atakojoa zote.

Mazoezi mazito yafanywe baada ya tarawehe. Mchana, kama ni lazima, dakika 40 za kuchezea mpira zinazoishia adhana ya magharibi. Akipata kizunguzungu au akaacha kutoka jasho, kazi imekwisha hapo, akae kivulini amwagiwe maji, na mambo ya funga muulizeni sheikhe wenu.

Saa za mazoezi zisizidi umri

Kanuni ya kukumbukika kirahisi: saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka 13, saa 13. Wanaozidisha huumia zaidi. Sasa hesabu ya wale wanaocheza timu ya shule, timu ya mtaa na akademia ya Jumamosi, halafu kila kocha anadhani ni wake peke yake. Nilipomwandikia mwanangu kwenye karatasi ya ukutani ilikuja saa 19, na alikuwa na miaka 14.

Wanorwe wana kanuni kwamba watoto hawapangwi kwa matokeo na orodha kabla ya miaka 11, na hakuna ubingwa wa taifa kabla ya miaka 13. Utasema wanalea vibaya. Kwenye Olimpiki ya baridi ya mwaka 2022 walichukua dhahabu 16, na watu wao wote ni milioni tano na kitu. Japani, ambako vilabu vya shule vilikuwa vikifanya mazoezi siku saba, serikali ilitoa mwongozo mwaka 2018: angalau siku mbili za kupumzika kwa wiki, saa mbili hivi kwa siku za shule, tatu kwa siku za mapumziko. Besiboli ya shule za upili huko nayo ikawekewa kikomo cha mitupo 500 kwa wiki kwa mtupaji mmoja. Hata Clairefontaine, kituo cha Ufaransa alikopitia Mbappé, watoto walikuwa wanalala huko siku za shule na kurudi kwa wazazi wao wikendi.

Kwetu chagueni siku moja isiyoguswa. Sisi ni Ijumaa. Hakuna mpira, hakuna mbio, hata zile za kukimbilia feri.

Goti linalouma pale kwenye kinundu chini yake, au kisigino kinachouma mtoto akiamka, kwa kijana anayerefuka haraka, ni mfupa unavutwa na msuli. Punguza kuruka na kukimbia wiki kadhaa, weka barafu, usimkande kwa nguvu na usimpeleke kwa mzee wa kunyoosha. Maumivu ya upande mmoja yanayomwamsha usiku ni habari nyingine, hayo ni ya daktari.

Usingizi, saa nane hadi kumi. Simu yangu na zao hulala kwenye kabati la vyombo kuanzia saa tatu na nusu. Vinywaji vya makopo vya kuamsha mwili sivitaki kabisa, madaktari wa watoto wa Marekani walishasema mwaka 2011 kwamba havina nafasi kwa watoto na vijana. Na muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa. Nimeshamkuta mlinda lango wangu na shavu limejaa. Unaua njaa na unaua usingizi, na kijana anayekua bila viwili hivyo hana kingine cha kukulia. Nilimpa sahani ya wali akashindwa kumaliza. Tuliongea sana siku ile, na mamake tukamwita.

Siku ya mechi

Jumamosi hii tunacheza Changamwe saa nne asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja watakula nyumbani: uji wa wimbi wenye maziwa, mkate au mahamri mawili, ndizi. Hakuna kitu kipya siku ya mechi. Aliyezoea muhogo ale muhogo. Matatu inaondoka saa mbili, kwa hiyo kila mmoja na chupa yake ya maji na ndizi moja ya saa tatu na nusu. Mapumziko ya nusu mchezo ni vipande vya machungwa na kile kinywaji cha ndimu, si mkutano wa makocha sita. Baada ya filimbi, ndoo: wali wa maharagwe na yai, na maziwa mala kwenye barafu.

Asiyeweza kula asubuhi kwa woga, na yupo kila timu, mpe chai ya maziwa ya sukari na tende tano, anywe polepole akiwa ameketi nje ya mlango penye upepo. Wetu ni beki wa kushoto. Nitampitia mwenyewe saa moja kasoro, kwa sababu mamake yuko zamu ya usiku.